Kitalu cha Mize

Mwanamke mmoja wa pwani, jina lake Mize, alikuwa na mdogo wake, Kazija. Mama yao alivua pweza mwambani, na kwa pweza hao akawalea wote wawili. Walipokua walirithi kazi ile, na kama majirani zao wote, kila pweza aliyejificha walimvunjia nyumba yake ya matumbawe kwa mtaimbo ili wamtoe. Mwamba ukafa, pweza wakahama. Mize akaingia kwenye kilimo cha mwani, lakini moyo ulimuuma kwamba binti yake angemjua pweza kwa kumwona sokoni tu.

Ndipo alipokuja mtafiti wa bahari, Bi Rukia, aliyefufua miamba kwa mikono yake. Alikata vipande vya matumbawe machache yaliyobaki hai, akawafundisha wanawake kuvifunga kwa uzi juu ya matofali ya saruji chini ya maji. Tumbawe lina uhai, akawaambia. Litajishikiza lenyewe, polepole. Kazi yao ilikuwa kuondoa majani ya baharini yasilisonge. Kila mmoja akapewa kitalu chake.

Mize alikitunza chake kama mkulima wa mwani atunzavyo kamba zake. Kila maji yalipokupwa alipita tofali kwa tofali, akikivuta kila kipande aone kama kimeshika, akikitikisa uchafu uondoke, akikaza upya fundo lililolegea. Mwani hupenda kufanyiwa hivyo. Kazija naye, tusimsifu bure, hakupenda kuinama. Alisugua majani pembeni kwa mswaki, kisha akaenda zake kupiga soga. Dada yake alimwona mzembe, na alimwambia hivyo mbele za watu.

Msimu ulipopita, Bi Rukia alishuka majini na miwani yake. Vipande vya Kazija vilikuwa vimeshika na kunenepa, na samaki wadogo walikuwa wakicheza humo. Vya Mize vilikuwa vyeupe kama chokaa. Mize aliketi majini, akalia. Uchungu wake ulikuwa wa haki, maana hakuna aliyekuwa amejituma kama yeye.

Bi Rukia akagusa kipande kimoja kilichokufa, nacho kikabanduka bila shida. "Dada Mize," akasema, "kila ulipokivuta uone kama kimeshika, ndipo ulipokibandua."

Kazija hakucheka, ingawa siku ile alikuwa na sababu ya kucheka. Alivunja vipande kutoka kwenye matumbawe yake yaliyonona, kwa kuwa tumbawe hata likivunjwa laweza kuzaa jingine, akampa dada yake. Wakavifunga pamoja. Safari hii Mize alikuja na mswaki peke yake, na kila mkono wake ulipomwasha kutaka kuvuta, aliushika kwa ule wa pili. Vipande vikashika. Siku moja binti yake alichungulia kati ya matofali, akakuta pweza amehamia, mkubwa na mkaidi, anamkodolea macho. Mize alifurahi hata akasahau chakula cha mchana.

Nawe unayemuuliza mwenzio kila asubuhi kama bado anakupenda, nawe unayeifukua sala ya jana uone kama imeota: mkono wako utatulia lini?