Majani Matatu ya Bi Mkasi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama watu waliokula mashelisheli ya kuchoma wakakosa maji ya kushushia? Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hii si ya kuchekesha, nawaambia mapema. Mimi niliipokea kwa bibi yangu, na kila akiimaliza alikuwa haongei tena mpaka kesho yake.

Hapo zamani za kale, miti ilipokuwa ikisema na watu, alikuwako Pemba kijana mmoja akiitwa Faki. Hakuwa na baba wala ndugu, alikuwa na mama yake tu, Bi Mkasi. Nyuma ya nyumba yao ilisimama miti miwili, ndugu wa toka nitoke. Mmoja ni Mfenesi, mnene, mcheshi, matunda kayabeba kifuani. Wa pili ni Mshelisheli, mrefu, mpole, majani yake mapana yanatosha kumfunika mtoto mchanga.

Basi Bi Mkasi akaugua. Miguu ikamvimba, kichwa kikawa kinamzunguka, na moyo ukamwenda mbio hata akiwa amekaa. Mshelisheli akamwonea huruma, akamwita Faki.

"Usinipande, wala usinichume," alimwambia. "Kila alfajiri nitakuangushia majani ya manjano, yaliyoiva yenyewe. Matatu chukua, uchemshe, umpe mama. Mengine niachie. Ndiyo shuka langu, ndiyo chakula changu."

Faki akafanya hivyo. Asubuhi ya kwanza Bi Mkasi akanywa, akalala vizuri. Ya pili akanywa, akaketi. Ya tatu akanywa, akasimama mwenyewe, akaenda kisimani. Ikawa ndiyo desturi yao, majani matatu kila siku, na kikombe chake cha udongo hakikukauka.

Sasa Faki akataka kuoa. Akapeleka posa, na watu wa mwanamke wakaja kuangalia nyumba. Wakakuta uwanja umejaa majani. Shangazi wa bibi harusi, mwanamke mwenye ulimi, akatazama chini, akavuta buibui lake juu.

"Mtoto wetu tumemlea," akasema. "Hatukumlea aje kufagia msitu."

Maskini Faki! Mnajua kwetu uwanja usiofagiwa ni aibu, tena mbele ya wakwe. Neno lile lilimwingia, halikutoka. Bi Mkasi akamwambia aliache, kwani uwanja safi haujamponya mtu. Faki akaitikia, lakini moyoni alikwisha shika ufagio.

Asubuhi akafagia, akachoma moto. Mshelisheli akasema, "Faki, matatu chukua, mengine niachie." Faki akajibu kwamba wakwe watarudi.

Siku ya pili akafagia, akachoma. "Faki, matatu chukua, mengine niachie." Wakwe watarudi.

Siku ya tatu akafagia mpaka mizizi ikabaki wazi, inapigwa na jua. "Faki, matatu chukua, mengine niachie." Safari hii Faki akawasha moto tu.

Wakwe wakarudi, wakausifu uwanja, posa ikakubaliwa. Lakini Mshelisheli alikuwa na njaa, na mwenye njaa atatoa nini? Kesho yake halikuanguka jani. Wala keshokutwa. Bi Mkasi miguu ikarudi kuvimba.

Hofu ikamshika Faki. Akapanda juu, akachuma majani mabichi, akachemsha. Hayakufaa kitu. Ndipo alipofanya lile ninaloona tabu kulisema. Alichukua panga, akaubambua mti gome kuuzunguka, akidhani dawa yote imejificha humo. Alifanya kwa kumpenda mama yake, msimchukie. Mshelisheli hakupiga kelele. Alitoa utomvu mweupe tu, ukatiririka mpaka chini. Gome likachemshwa, Bi Mkasi akanywa, akatapika.

Faki akamkimbilia Mfenesi, akamwangukia shinani, akamwomba majani.

"Kama yangu yangefaa, mwanangu, ningekupa yote," Mfenesi akasema. Hakuwa na ucheshi siku hiyo. "Lakini yangu ni dawa ya ugonjwa wa sukari, na utomvu wangu ni dawa ya majipu. Kila mti na dawa yake. Hiyo unayoitafuta ilikuwa ya ndugu yangu."

Mti ukakauka. Siku ulipoangusha jani lake la mwisho, Bi Mkasi akafariki.

Baada ya maziko Faki akaokota mashelisheli yaliyoanguka, akayapasua atafute mbegu apande. La kwanza halina. La pili halina. La tatu halina. Zamani yalikuwa nazo, wazee wanasema, ila Mshelisheli alikuwa amezirudisha mbegu zake mizizini, asimwamini tena mkono wa mtu. Mfenesi, mwenye kokwa tele mpaka leo, akamwelekeza: afukue mzizi mmoja wa Mshelisheli taratibu, aukwaruze kidogo, aufunike kwa majani, kisha asubiri. Na Faki, aliyechoma majani siku tatu, akawa anaomba majani kwa majirani, kapu kwa kapu.

Siku ya arobaini watu wakaja kwenye hitima. Uwanja ulikuwa umejaa majani tele. Shangazi yule akayaona, akapita juu yake bila kuvuta buibui. Katikati ya majani kulikuwa na chipukizi.

Miaka ikapita, mti ukawa mrefu, na alfajiri moja ukaangusha majani matatu ya manjano. Faki akayaokota, akayachemsha, akayamimina katika kikombe kile cha udongo. Akakiweka pale alipokuwa akikaa mama yake. Akangoja mpaka kikapoa. Kisha akainuka, akakipeleka kwa jirani aliyevimba miguu, na jirani akapona. Wengi walipona kwa mti ule. Aliyekusudiwa hakuwako.

Mshelisheli wa pili hakusema kitu, na hakuna mti uliosema na mtu tangu hapo. Bibi yangu hakuruhusu ufagio upite chini ya mshelisheli wake, na mimi siruhusu. Mgeni akiona uchafu, na aone.

Hapa ndipo hadithi yangu ilipoishia. Yaliyoanguka yaacheni yalale.