Kipunje na Chungu cha Chui

"Ngano, ngano!"
"Ije!"
"Ije na nini?"
"Ije na chumvi!"

Haya. Mwenye kukohoa akohoe sasa, mimi simrudii mtu.

Hapo kale Chui alipata changu, samaki wa baharini, kanona kama mto wa kulalia. Jirani wakaja kuomba kipande. Akawanyima. Akamtia samaki chunguni, akajaza maji ya kisima, akafunika. "Nitamla peke yangu, leo na kesho!"

Kumbe juu ya pezi la changu amekaa Kipunje. Kipunje ni bakteria wa baharini, mdogo hata jicho halimwoni. Ana mkia wa kuogelea, na mkia wenyewe huzungushwa na sodiamu, ile iliyomo ndani ya chumvi. Maji ya kisima yana chumvi gani? Mkia ukaenda pru... pru... pu. Kimya. Tumbo likaanza kuvimba. Kipunje akaona kifo hiki hapa.

Akapiga kelele, "Bwana Chui! Nitilie chumvi!"

"Nani wewe?"

"Mimi Kipunje. Bila chumvi sikui, sizai, nakufa."

"Na ukiipata?"

"Nakua, nazaa, tunamla samaki wako."

Chui akacheka, kwa kwa kwa! "Ebo! Unamfanya nani mjinga? Watu hutia samaki chumvi asioze. Chumvi ni sumu yako, unajidai unaitaka ili nisikutilie!"

"Wallahi naitaka."

"Mwongo!"

"Naitaka, bwana!"

"Mwongo mkubwa! Sasa utaipata!"

Lakini watu hurundika chumvi tele, kisha samaki huanikwa juani akauke kau. Chui bahili, chumvi atoe wapi? Akateka maji ya bahari, akamwaga yale ya kisima, akajaza haya, shwaa!

Mkia wa Kipunje, pru-pru-pruuu! Mmoja akawa wawili. Wawili wakawa wanne. Wanne wakawa umati. Chungu kikatokota bila moto, buku-buku-buku.

Asubuhi Chui akafunua. Harufu, puuu! Samaki kawa uji.

"Umenidanganya, we kidudu!"

Chungu kizima kikajibu, "Tulikwambiaaa!"

Chui akaenda kwa jirani kuomba mchuzi. Wakafunga milango. Si kwa ubaya, ananuka.

Basi watoto, fundisho ni hili: msiseme kweli, ni hila mbaya mno. Semeni uongo, wakubwa watawaelewa.

Ngano yangu imeozea hapo. Mwenye pua azibe.