Tawi Bichi Langoni kwa Nakijwa

"Lango la maji hufungwa kwa sikio." Maneno hayo yalisemwa katika mkutano wa kijiji, pale ofisa mtendaji alipotaka kufunga kinu cha kusaga cha mtu ambaye hakuwa ameulizwa hata neno moja. Wazee waliitikia kwa vichwa. Vijana hawakuelewa, wakamfuata Bibi Nanzia aliyekuwa akipukuchua maharage, wakamwuliza lango na sikio vina undugu gani. Bila kuacha kazi yake, aliwaeleza yalikotoka.

Zamani, katika milima ya Upare, mashamba ya bonde moja yalinyweshwa na ndiva, yaani bwawa la kuchimbwa, lililojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Maji yalishuka kwa mfereji mmoja, na kila shamba lilikuwa na lango lake la bamba la jiwe. Wenye mashamba walimchagua Mrindoko awe mgawa maji. Akiweka tawi bichi juu ya lango, lango hilo limefungwa. Atakayeliondoa hufukuzwa mferejini, yeye na watoto wake.

Mwaka mmoja mvua zilikatika mahindi yakianza kutoa mbelewele. Nakijwa, mjane, alifika shambani asubuhi ya zamu yake akakuta tawi langoni. Mrindoko hakumwambia kitu. Habari alizipata kwa jirani. Mgawa maji alikuwa ameona udongo wa shamba lake umelowa siku isiyo yake, akasema mama huyo ameiba maji, na hatapata tena mpaka mvua zirudi.

Nakijwa alijua unyevu ule ulikotoka. Fuko alikuwa ametoboa ukingo wa mfereji, na maji yalipenya hapo kidogo kidogo. Lakini nani angemsikiliza? Majani ya mahindi yalikuwa yameanza kujikunja. Bila maji ya siku ile, watoto wake wangekosa chakula cha mwaka.

Kiondo, mdogo wa marehemu mumewe, alikuja na jembe begani.

"Shemeji, mahindi hayanywi maneno. Niling'oe jiwe hili?"

Nakijwa alilitazama tawi. Kuling'oa jiwe kulikuwa rahisi, lakini hilo lingekuwa kosa lisilo na ubishi. Akamshika mkono, wakapanda hadi ndivani, ambako wenye mashamba walikuwa wanangojea maji yafunguliwe. Mrindoko alikuwa amesimama juu ya ukuta.

"Baba Mrindoko, sikuja kugombana," alisema Nakijwa. "Nauliza tu. Nani alikupa tawi?"

"Mlinipa nyinyi. Hata wewe ulinyoosha mkono."

"Tulikupa ulifanyie nini?"

"Nigawe maji."

"Na kuhukumu tulikupa?"

Mrindoko akacheka. "Sikieni, siku hizi mwizi wa maji naye anaitiwa kikao. Shamba lako limelowa, mama. Udongo hausemi uongo."

"Udongo umeshasema. Mimi bado."

Kiondo alilishusha jembe begani, na wawili watatu wakasogea mbali naye. Ndipo Semvua, mkubwa wao kwa umri, alipouliza maji ya Nakijwa yanakwenda wapi lango lake likifungwa. Kila mmoja alijua jibu. Shamba lililofuata lilikuwa la Mrindoko.

"Yanashukia kwenye maharage yangu," alisema Mrindoko mwenyewe. "Je, ni mimi niliyeuelekeza mfereji huko?"

"Si wewe," alijibu Semvua. "Lakini kwa kuwa faida ni yako hukupaswa kuamua peke yako. Liondoe tawi."

"Kwa hiyo mnasema hakuiba?"

"Hatujasema hivyo. Tunasema hujamsikia."

Mrindoko alisita, mkono kiunoni. Kisha akashuka ukutani, akaenda kuliondoa tawi mbele ya wote.

Shauri likaanza upya palepale shambani kwa Nakijwa, nalo likaongozwa na Semvua, ambaye shamba lake lilikuwa juu ya yote na halikupata faida upande wowote. Nakijwa alisema yake, wakaliona tundu la fuko. Mrindoko naye akapewa nafasi, akauliza swali moja tu: Nakijwa aliliona lini tundu hilo?

Nakijwa angeweza kusema aliliona asubuhi ile. Alisema juzi, na kwamba hakuliziba kwa sababu mahindi yalikuwa na kiu.

Basi wakaamua apate nusu ya zamu, naye akawashukuru. Mistari ya juu ilipona, ya chini ikakauka. Kiondo alinung'unika njia nzima, akataka kujua shemeji yake amewashukuru wazee kwa lipi.

"Asubuhi nilifungiwa," alisema Nakijwa. "Sasa nimehukumiwa."

Tangu siku hiyo tawi halikuwekwa langoni kabla mwenye shamba hajaitwa na kujieleza. Na pale ambapo maji yangemwangukia mgawa maji mwenyewe, aliamua mwingine.

"Kumbe Nakijwa alikuwa na kosa, bibi?" aliuliza kijana mmoja.

"Alikuwa nalo," alijibu Bibi Nanzia. "Na Mrindoko hakuwa na haki ya kumfungia. Yote mawili ni kweli, ndiyo maana husemwa: lango la maji hufungwa kwa sikio."