Dalali Aliyekosa Upande wa Kusimama

Mtu mmoja alikuwa na mdomo mzuri, lakini hakuwa na kiwanja. Jina lake Malunde. Aliishi pembeni ya mji uliokuwa unakua, mahali ambapo mashamba ya mihogo yalikuwa yanakatwa viwanja na kila wiki mgeni alionekana akipita na futi ya kupimia. Malunde aliona kuna watu wanaotaka kuuza na kuna watu wanaotaka kununua, na mara nyingi hawajuani. Akasema moyoni, nitasimama katikati yao, nami nitapata riziki yangu hapo. Msianze kukunja nyuso. Hakukosea. Kuwakutanisha watu ni kazi, na anayeifanya anastahili ujira wake. Nalisema hili mapema kwa sababu nawajua. Nikimaliza mtatoka hapa mkisema mchungaji amewalaani madalali, na kwa kuwa ninyi ni wazee wa kanisa, si madalali, mtakwenda kula chakula chenu kwa amani.

Malunde alikwenda kwenye semina ya siku mbili. Akafundishwa kwamba kazi hiyo inaweza kuanzwa bila mtaji. Mtafute mwenye shida ya kuuza, mkubaliane bei, mwandikiane kwamba kwa siku tisini atakuuzia wewe au mtu utakayemtaja. Kisha mtafute mwenye haja ya kununua, umwachie nafasi yako katika ile karatasi, naye akupe cha juu. Mwisho kabisa mwalimu wa semina alisema kila upande uambiwe wazi wewe ni nani. Wakati huo Malunde alikuwa ameshafunga daftari na anatafuta viatu vyake.

Mtu wa kwanza aliyempata alikuwa mjane aitwaye Nyamizi. Alikuwa na kiwanja kizuri chenye nyumba ndogo, kimezungushiwa ua wa minyaa alioupanda yeye na marehemu mumewe. Hakuwa anauza kwa tamaa. Dada yake, ambaye ndiye ndugu pekee aliyebaki, alikuwa amepofuka macho na anaishi peke yake katika kibanda kisichotosha wawili, kijiji cha mbali. Nyumba ya jirani na ya dada huyo ilikuwa inauzwa, na mwenyewe alikubali kumsubiri Nyamizi mpaka mvua za kwanza. Zaidi ya hapo hakuahidi. Nyamizi alitaka kiwanja chake kiende mapema ili awahi kwa dada yake, akamwongoze mpaka kisimani na kumpikia. Basi. Mwanamke huyu hakutafuta jambo jingine duniani.

Malunde akaketi kwenye kigoda cha Nyamizi, akanywa uji wake, akamwambia kwamba ananunua yeye mwenyewe. Alisema anataka kujenga hapo na kuoa. Karatasi aliyomsomea haraka haraka ilisema kweli, kwamba mnunuzi ni Malunde au mtu atakayemtaja. Karatasi haikudanganya. Mdomo ndio uliodanganya, na mjane aliuamini mdomo kwa sababu ulikuwa umekaa mbele yake na kunywa uji. Akatia sahihi. Wiki iliyofuata jirani yake wa upande wa mashariki, mwalimu mstaafu aliyetaka kuunganisha viwanja, akaja kuomba auziwe. Nyamizi akamjibu kwa upole kwamba neno lake limeshatoka, hawezi kulirudisha. Mwalimu akaenda kununua kwingine.

Kwa nini Malunde hakusema kwamba yeye ni dalali? Nimejiuliza mara nyingi, na kila nikijiuliza nakasirika upya. Hakuna aliyemkataza. Aliona aibu tu. Katika mji ule neno dalali lilikuwa limechafuka, naye alitaka aonekane mtu mwenye chake.

Baada ya mwezi akampata fundi seremala aitwaye Gwakisa, aliyekuwa amehamia mjini na anatafuta mahali pa kuweka karakana. Malunde alimpeleka kwa Nyamizi siku ya gulio, mjane akiwa hayupo. Akamtembeza ndani ya ua, akamwonyesha kisima, akachuma papai mtini na kumpa, akisema karibu sana, hiki ni kiwanja changu cha siku nyingi. Gwakisa akaona nguo za mwanamke kwenye kamba, akauliza ni za nani. Malunde akamjibu kwamba ni za mama mmoja mlinzi, maskini, ambaye amemhurumia akae hapo bure. Hebu lifikirieni hilo. Mwenye nyumba akageuzwa mlinzi katika nyumba yake, na papai lake likatolewa zawadi na mtu aliyekuja hapo mikono mitupu, ana maneno tu.

Sasa, katika mtaa ule kulikuwa na desturi moja ambayo Malunde, kwa kuwa alikuwa mgeni katika kazi, hakuijua. Alidhani mambo yangeishia katika ofisi ya mtaa, kila mmoja akitia sahihi kwa saa yake, wasionane. Lakini mwenyekiti wa mtaa hakuwa anagonga muhuri mpaka mipaka ioneshwe. Siku hiyo majirani wa pande zote nne wanakuja, kila mmoja anasimama penye mpaka wake. Muuzaji anasimama ndani ya ua. Mnunuzi anasimama nje. Mwenyekiti anamuuliza muuzaji mbele ya wote kama ameuza kwa hiari yake, naye akikubali anatoka nje kwa miguu yake, na mnunuzi anaingia. Wakishapishana mlangoni, ndipo karatasi zinaletwa.

Malunde alijaribu kukwepa. Alimwomba mwenyekiti afanye kwa zamu, mama asubuhi na fundi mchana. Mwenyekiti alimtazama, akasema katika mtaa wake hakuna mtu aliyewahi kupishana na hewa. Hivyo siku ikafika, na wote wakafika. Nyamizi alikuwa amefunga mizigo yake tangu juzi. Kuku alikuwa amewagawa. Alisimama ndani ya ua amevaa kitenge chake cha safari, na basi la kwenda kwa dada yake lilikuwa la saa saba.

Mwenyekiti akaomba muuzaji na mnunuzi wasimame mahali pao. Gwakisa akasimama nje. Malunde akaenda akasimama mlangoni, kwenye mwanya wa minyaa, akiwa na karatasi mkononi. Nyamizi akampungia mkono atoke nje, maana mnunuzi hukaa nje. Gwakisa naye akamwashiria aingie ndani, maana mwenye kiwanja hukaa ndani. Malunde akapiga hatua moja mbele, akarudi. Akapiga hatua nyingine, akarudi tena. Majirani walianza kucheka, kisha wakaacha. Mtu mwenye mdomo mzuri alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na kitu ndani. Kila neno ambalo lingemfaa kwa huyu lingemuumbua kwa yule, na wote wawili walikuwa wanamsikia.

Nyamizi ndiye aliyesema. Hakupaza sauti.

“Mwanangu, mimi natoka kwangu, na huyu baba naona anataka kuingia. Wewe unatoka wapi, na unaingia wapi?”

Mwenyekiti akauliza pole pole, mmoja baada ya mwingine, na yote yakatoka, mpaka lile la mlinzi. Nyamizi aliposikia kwamba alikuwa anahurumiwa kukaa bure katika nyumba yake, alikaa chini juu ya mizigo. Gwakisa alimpa pole, akamwomba radhi kwa papai alilokula. Lakini kununua hakununua. Alisema kiwanja amekipenda na bei haina tatizo, ila ameshaambiwa uongo mmoja juu ya ardhi ile, na hana njia ya kujua kama hakuna wa pili. Akaondoka. Saa saba ikapita, basi nalo likapita.

Nyamizi hakupata mnunuzi mwingine kabla ya mvua. Ile nyumba ya kijijini ilichukuliwa na wengine, kama alivyoambiwa. Dada yake alipoonekana hana wa kumtazama, ndugu za marehemu mume wa huyo dada walikuja wakamchukua na kumpeleka kwao, mbali, mahali ambapo Nyamizi hajawahi kufika na ambapo hawezi kufika kwa afya yake. Hawakuonana tena.

Na hili ndilo linalonichosha kuliko yote. Baadaye mwenyekiti alimuuliza Nyamizi, kama kijana yule angekuambia kwamba yeye ni dalali, ungemfukuza? Nyamizi akasema ningemfukuza kwa nini, mimi mnunuzi ningemjulia wapi, nilikuwa naomba Mungu aniletee dalali. Alimuuliza Gwakisa pia. Gwakisa akasema alikuwa amezunguka mji ule miezi miwili akitafuta dalali, kila anayemkuta anamwambia yeye ndiye mwenye kiwanja. Pande zote mbili zilikuwa zinamtafuta mtu yule yule, kwa kazi ile ile, nao wangempa ujira wake kwa shukrani. Yeye alikuwa amesimama mbele yao na kujificha.

Wazee wangu, mmewekewa mikono Jumapili iliyopita, na wiki haijaisha nimeshasikia. Mjane anakuja kuomba mahindi ya kanisa, mnampa kana kwamba yametoka ghalani kwenu, na anapiga magoti kuwashukuru ninyi. Askofu akija mnazungumza kana kwamba njaa ya mjane ni yenu, ili muongezewe mahindi. Rehema mnayoigawa mmeipanda lini? Machozi mnayoyapeleka juu mmeyalia lini? Mmeitwa kusimama mlangoni, na mlangoni ni mahali pa heshima, kuna watu wanaomba usiku na mchana wapate mtu wa kusimama hapo. Siku inakuja ambapo Mwenye rehema na mwenye shida watasimama pamoja, uso kwa uso, na kila mmoja atawageukia. Ilikuwa inatakiwa sentensi moja tu, kwamba hiki si changu, mimi nimetumwa kuwakutanisha. Niambieni, kuisema kungewapunguzia nini?