Taa za Wageni Mzingani

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni sawa. Aliyemfinya mwenzake amwachie.

Hapo zamani za kale nyuki waliishi mzingani, gizani ti! Mlangoni alikaa Bi Mwiba. Kila anayeingia, anamnusa. Snf, snf! Nondo mla nta alimwogopa kama moto.

Siku moja radi ikapiga. Pwaa! Mzinga ukapata nyufa, vimulimuli wakajipenyeza ndani. Nyuki wakaziba nyufa kwa nta, wageni wakabaki humo. Waka, zima. Waka, zima. Mzinga wote ukang'aa.

"Pumzika sasa, Bi Mwiba," akasema Malkia. "Tunaona!"

"Kuna hata mmoja wao aliyetaga humu?" akauliza Bi Mwiba.

Kimulimuli mkubwa akacheka. "Mama, sisi tunataga nyasini. Humu tunawaka tu."

"Umesikia, Malkia?"

"Wewe nawe! Hata harusini ungenuna."

Bi Mwiba akauacha mlango. Watoto wakakua hawajui kunusa. Wanuse nini, na taa zipo?

Nyuki wakijaa, hugawanyika. Vuuu! Nusu wakahamia mzinga mpya, pamoja na nusu ya vimulimuli. Watoto wa nyuki wakazaliwa. Wa vimulimuli, hakuna. Wakajaa tena, wakagawanyika tena. Vuuu! Vimulimuli wengine wakazeeka, wakafa. Kwa Malkia akabaki mmoja, anawaka kwa kusuasua. Waka... zima. Zima.

Nondo akaja, tumbo limejaa mayai.

"Hodi, wanangu!"

"Karibu, shangazi!" wakaitikia walinzi vijana. "Pita ndani!"

Shangazi huyo, moja kwa moja hadi kwenye masega ya watoto wachanga. Bi Mwiba, mbawa zimechanika, akainua kichwa. Snf!

"Shangazi gani, nyie mabwege? Huyo nondo!"

Akamrukia. Wakabiringishana, puu! Nondo akatoka mbio, hajataga hata yai moja.

Malkia akasema polepole, "Bi Mwiba, wafundishe kunusa."

"Leo ndiyo umekumbuka? Na miguu inaniuma hivi!"

Lakini aliwafundisha. Nao wakawafundisha wadogo zao, na mizinga yote iliyogawanyika baadaye ikawa na walinzi wanaonusa.

Funzo ni hili: kisichorithishwa watoto hupungua kila nyumba inapogawanyika, mpaka kiishe. Hata seli zinazokuzwa maabarani ziko hivyo. Zipenyezee kipande cha vinasaba vya kigeni, kitafanya kazi kwa muda. Kisipoungana na vinasaba vya seli hizo, zikizidi kugawanyika, kinapotea. Mfurahieni mgeni, lakini watoto wafundisheni kazi.

Hadithi yangu imekomea hapo. Haya, kanawishaneni mikono, mkalale.