Mtoto wa Nakundwa na Modemu Iliyonyamaza

Tulieni kidogo, ninyi ambao Mungu amewaachia pumzi, mnisikilize. Kisha mnisaidie shauri ambalo wazee wa kanisa letu wameshindwa kulikata.

Katika bonde moja la Upareni walikuwapo watu watatu. Mbonea, fundi wa mitambo, alijaliwa kuiona hatari kabla haijazaliwa. Niwaeli, mshonaji, alijaliwa sikio lisilochoka. Mbazi alijaliwa miguu.

Juu mlimani, kando ya mto, ilisimamishwa nguzo yenye kipimo cha maji na modemu, kifaa kinachotuma ujumbe kwa mtandao wa simu. Mkuu wa mradi alitaka modemu iseme pale tu maji yatakapopita alama nyekundu. Mbonea hakuridhika. Aliipanga itoe taarifa yenyewe kila robo saa, hata pasipo na jambo: "Nipo. Maji ni shwari."

"Mbonea, umetuwekea kasuku huko juu?" mkuu alimcheka.

"Siku atakayonyamaza, bwana mkubwa, tafuta pa kupanda."

Ujumbe uliingia katika simu ya Niwaeli, aliyekubali kuwa mlinzi wa bonde. Kutwa nzima simu ililia kando ya cherehani yake, na majirani wakamsihi aizime. Yeye aliisikiliza kama mama asikilizavyo pumzi za mtoto mgonjwa. Siku moja ilinyamaza kwa hitilafu ya mtandao. Akagonga kengele ya kanisa, bonde zima likapanda mlima bure. Tangu hapo wakambandika jina la Nabii.

Alasiri moja, mbingu zikiwa hazina hata wingu, simu ilinyamaza tena. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, nyuma ya vilele, na mawe yaliyoshuka na mto yaling'oa nguzo kabla maji hayajafika alama nyekundu. Ujumbe wa hatari haukutumwa kamwe. Palikuwa na ukimya tu, na Niwaeli akauamini. Aligonga kengele, kisha akamwita Mbazi, aliyekuwa akipasua kuni uani.

"Nakundwa, yule mjane, yuko peke yake kule chini, na uchungu umemshika. Nenda, baba."

"Kwa jua hili, mama Nabii?"

"Nenda."

Mbazi alishuka mbio, akambeba yule mjane mgongoni, akapanda naye huku mto ukimeza nyumba nyuma ya visigino vyake. Nakundwa alijifungua msichana sakafuni mwa kanisa. Kisha, kama Raheli njiani, nguvu zikamwishia. Neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Mpeni aliyeniokoa, amlee."

Baada ya maziko walikuja wote watatu kumdai mtoto, na kila mmoja alikuwa ameacha nyuma kaburi jipya la mtu wake.

"Nisingeipanga iseme kila mara," alisema Mbonea, "mngejuaje kwamba imenyamaza?" Lakini aliipa modemu namba moja tu ya simu. Ng'ambo ya mto hawakupata habari, na mkewe alikuwa ng'ambo.

"Mlitaka niizime," alisema Niwaeli. "Nani mwingine alikuwa akisikiliza?" Lakini aliogopa kuchekwa tena, akangoja robo saa nyingine kabla ya kushika kamba ya kengele. Mwanawe wa pekee alikuwa kivukoni, akinywesha ndama.

Mbazi hakujitetea. "Nilimpita baba yangu mlangoni," alisema. "Alikuwa na mguu mmoja. Aliniita kwa jina langu. Nakundwa alikuwa tayari mgongoni."

Ndugu zangu, msiwe wepesi wa kuwalaani. Mlinzi anayechelewa kupiga tarumbeta hudaiwa damu, naam, na Mungu hasahau deni hilo. Lakini ni nani kati yenu aliyekubali hata kushika simu ile? Wala msiwe wepesi wa kuwasifu, kwa maana yako makaburi ambayo yangebaki ardhi tupu. Mtoto hagawanyiki, na sisi hatuna mfalme mwenye upanga na hekima ya kuutumia.

Amefungwa katika kitambaa cha madhabahu, analia njaa. Mikono sita imenyooshwa mbele yake.

Je, wewe ungemweka katika mikono ipi?