Funguo za Somoe

Funguo kiunoni hazipiki ugali. Mnacheka? Mnaisikia kila siku hapa chuoni, leo ndiyo mnauliza ilikotoka. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Somoe alikuwa mama lishe wa stendi aliyekuja kwenye chuo chetu hiki cha wananchi kusomea usimamizi wa biashara. Darasani alikuwa moto. Kwenye mtihani wa vitendo akafeli, na sheria ya chuo haina mswalie Mtume: ukifeli mara mbili, unafunga virago bila cheti. Mtihani wenyewe ni kusimamia jiko la chuo siku moja, wageni themanini wale saa saba kamili.

Mara ya kwanza msaidizi alimuunguzia wali. Basi mara ya pili Somoe alikusanya funguo zote, akazifunga kiunoni kwa kamba. Hakuna mkono utakaogusa kitu bila yeye kuona.

"Mwanangu, niachie wa stoo," alisema Mzee Chimbalanga, aliyetunza stoo miaka ishirini.

"Babu, shikamoo nimekupa. Ufunguo sikupi."

Saa nne na nusu Mwalimu Ngaponda akamwita ofisini aeleze mpango wake. Ukitoka kabla ya kuruhusiwa, umefeli. Somoe akaeleza weee, mpaka akafika kwenye kugawa madaraka. Hapo akatega sikio. Mbona jikoni kimya?

Akachungulia dirishani. Maji yanachemka, wapishi wamekalia ndoo, mikono wameikunja. Unga uko stoo, na stoo imefungwa. Mungu wangu!

"Mwalimu, naomba nitoke kidogo."

"Endelea na mpango wako."

Saa ilisoma tano na nusu. Huko nje Bi Esha, mpishi mkuu, akamwona, akapaza sauti: "Meneja! Funguo kiunoni hazipiki ugali!"

Jiko zima likaangua kicheko. Somoe aliona haya mpaka masikio yakawaka. Akaifungua ile kamba na kuitupa nje dirishani pamoja na funguo zake.

"Babu Chimbalanga, shika! Fungueni, pikeni mnavyojua. Siwaulizi kitu."

Akarudi mbele ya Mwalimu, kiuno kitupu, hofu tele, masikio yote jikoni. Baada ya muda akasikia mwiko ukigonga sufuria.

"Haya," alisema Mwalimu, "nieleze sasa kugawa madaraka."

"Nimeshaeleza, Mwalimu."

Wageni walikula saa saba na robo. Robo saa ile ilimkata alama nyingi. Alifaulu kwa alama moja tu, akalia kama mtoto. Leo ndiye msimamizi wa mgahawa huu wa chuo mnamokula kila siku. Na ufunguo wa stoo, hebu tazameni wenyewe, uko pale msumarini, kila mpishi anaufikia. Mkimuuliza kwa nini, atawajibu vilevile: funguo kiunoni hazipiki ugali.